Nyumba mbili Bowling Green, Kentucky: kwa nini moja pango lake liko chini hivi?

#1 Mwana wa Uvira
Wakuu, salamu. Tunahama kutoka Portland, Maine, mwisho wa Julai. Nimepata kazi ya kiwandani Bowling Green, upande wa Transpark, lile eneo la viwanda, zamu ya pili: naingia saa tisa alasiri, natoka saa tano na nusu usiku. Mke wangu ni msaidizi wa wauguzi na bado hajapata leseni ya udereva. Watoto ni watatu: miaka 15, 10 na 6.

Kuna nyumba mbili ninazozipigia hesabu. Ya kwanza iko upande wa Scottsville Road, karibu na Greenwood: vyumba vitatu, dola 1,750 kwa mwezi. Ya pili iko magharibi ya mji, unaingia ndani kidogo kutoka Russellville Road: vyumba vitatu pia, uwanja mkubwa, gereji, na mwenyewe anataka 1,390. Ukubwa ni ule ule. Kwa picha hii ya pili ndiyo nzuri zaidi.

Dola 360 kila mwezi si pesa ya kuacha ipite bila kuuliza. Mnaoujua mji huo, ile ya pili ina nini?

#2 Zamu ya Tatu
Tonado ya 2021, ndugu. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba, saa saba na dakika kadhaa, ilipita huko huko Russellville Road ikaendelea mpaka kwenye barabara ya Bypass. Watu 17 walifariki Warren County, kaunti ya mji huo. Tangu hapo wengi wanaukwepa upande ule.

#3 Mama Furaha
Karibu sana, mwana wa Uvira. Sisi tulitoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, 2015 tukaletwa hapa hapa. Siwezi kukwambia kwa nini pango ni dogo, ila upande ule ndiko walikojaa watu wetu. Ukikosa chumvi unabisha hodi kwa jirani kwa Kiswahili, anakujibu kwa Kibembe.

#4 Kiboko ya Baridi
#2 hapo sikubaliani nawe. Zilizobomolewa zilijengwa upya, na nyumba mpya haishuki bei, inapanda. Halafu tonado haina mtaa wake. Ile ya 2021 ingesogea kusini kidogo tu ingepita kwingine.

Mwana wa Uvira, hiyo nyumba ilijengwa mwaka gani?

#5 Mwana wa Uvira
Tangazo linasema 1978. Asante Mama Furaha, nimempa mke wangu asome, kacheka peke yake.

#6 Fundi wa Mabomba
1978? Basi hesabu yako haijakamilika. Mimi nafanya kazi za mabomba na joto la nyumba Kentucky hii mwaka wa kumi na moja. Nyumba za miaka ile nyingi zina hita za umeme za ukutani na madirisha ya kioo kimoja. Pango dogo, bili kubwa. Mteja wangu mmoja aliona amepata dhahabu kwa 1,200, Januari ikaja bili ya umeme ya dola 410. Uliza mambo matatu: joto linatoka wapi, bili ya Januari iliyopita ilikuwa kiasi gani, na umeme ni wa BGMU au Warren RECC. BGMU ni wa mji, Warren RECC ni ule ushirika wa nje ya mji. Wote wananunua umeme kwa TVA, shirika la serikali kuu, lakini ukipiga simu kuulizia bili ya anwani ile, unapiga kwa yule mwenye nguzo pale.

Na ukiingia, fungua kabati la chini ya sinki la jikoni. Usitazame tu, ingiza mkono mpaka nyuma. Mbao ikiwa laini kama mkate uliolowa, nyumba ina unyevu wa siku nyingi, na rangi ya ukutani imepakwa juzi kwa ajili yako.

#7 Mjukuu wa Pate
Mnazunguka sana. Ni mapango. Mji mzima umekaa juu ya mapango.

#8 Mwana wa Uvira
Mapango yapi tena? Pango la kulipa au pango la popo?

#9 Mjukuu wa Pate
Yote mawili, na huko ulipo unalipa pango la juu ya pango 😄

Kwa uzito wake sasa. Ardhi ya pale ni mwamba wa chokaa, maji yameula kwa chini kwa karne na karne. Mammoth Cave haiko mbali, na ndani ya mji wenyewe kuna Lost River Cave, watu wanapanda boti humo chini. Tarehe 12 Februari 2014 alfajiri sakafu ya jumba la makumbusho la magari ya Corvette ilifunguka, magari manane yakazama. Na 2002 kipande cha barabara ya Dishman Lane kilizama. Nyumba iliyo karibu na shimo lililowahi kuzama lazima ishuke bei.

#10 Kiboko ya Baridi
Hilo la Corvette kila mtu hulileta. Makumbusho yenyewe yako upande wa kaskazini-mashariki, kule kule kwenye kiwanda atakachofanyia kazi Mwana wa Uvira. Kama mashimo ndiyo yanayoshusha bei, mbona kule haijashuka?

#11 Mjukuu wa Pate
Sijasema kila shimo linashusha. Nimesema lililo uani kwako. Mwana wa Uvira, tazama picha za uani vizuri. Kuna bonde lolote, hata la kina cha magoti?

#12 Mwana wa Uvira
Sasa mmenitia shaka. Picha ya saba inaonyesha uwanja wa nyuma, karibu na uzio kuna sehemu imeshuka kama sahani. Nyasi zake ni za kijani kuliko kwingine. Katikati kuna kitu kama mdomo wa bomba, juu yake wavu wa chuma. Nilidhani ni la bustani.

#13 Fundi wa Mabomba
Bila kuliona siwezi kuapa. Mji ule hauna mito mingi ya juu ya kupeleka maji ya mvua, kwa hiyo wamechimba visima vya kuyamwaga chini kwenye mapango, na viko vingi sana. Wavu wa chuma juu ya bomba kwenye sehemu ya chini ni mfano wake. Kama ni hicho, si kibaya chenyewe, ubaya wake ni pale majani yanapoziba wavu. Mvua ya saa mbili, uwanja unakuwa bwawa.

Ila inaweza pia kuwa bomba la kusafishia tanki la choo, kama nyumba haijaunganishwa na bomba la maji machafu la mji. Nyasi za kijani hapo zina maelezo mengine kabisa.

#14 Mama Furaha
Yesu wangu. Watoto hawachezi hapo.

#15 Hesabu za Songea
Wakuu, mimi nakaa Tennessee, Portland ya huku si ya Maine. Kwa nini asikae huku? Tennessee haikati kodi ya mshahara. Kentucky inakata. Kutoka hapa mpaka Bowling Green ni kama dakika 40 kwa barabara kuu ya I-65. Atakuwa ametoka Portland amehamia Portland, hata barua hazitapotea.

#16 Zamu ya Tatu
Hahaha, huyu anataka mke wa watu achanganyikiwe.

#17 Karani wa Kodi
#15, hapo umempoteza mwenzio, na kosa hili nimeliona likiwaumiza watu mwezi wa nne, wakati wa kupeleka hesabu za kodi. Mshahara wa kazi unayoifanya ndani ya Kentucky unakatwa kodi na Kentucky hata kama unalala Tennessee. Kentucky ina makubaliano na majimbo kadhaa jirani kama Indiana na Ohio, lakini Tennessee haimo. Asilimia ilikuwa 4, kuanzia 2026 ni 3.5. Kodi ya mji nayo inafuata mahali unapofanyia kazi, haifuati kitanda chako. Na huko Tennessee chakula cha dukani kinatozwa kodi ya mauzo, wakati Kentucky unga na maziwa havitozwi. Mwenye watoto watatu ajue hilo.

Wenye faida ya Tennessee ni wale wanaofanya kazi Tennessee.

#18 Hesabu za Songea
Nimekubali, Karani. Mimi nafanya kazi Nashville, nikapima wote kwa kipimo changu. Samahani mwana wa Uvira.

#19 Mwalimu wa Zamu
Nimesoma wote na hakuna aliyegusa shule, wakati kwa maoni yangu hapo ndipo zilipo dola 360 zako.

Bowling Green ina wilaya mbili za shule: ya mji, na ya Warren County. Mpaka wa shule haufuati mpaka wa mji. Unaweza kuwa na anwani ya Bowling Green, taka zako zinazolewa na mji, na mtoto bado akawa wa shule za kaunti. Nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kuwa za shule tofauti. Wazazi Wamarekani wanatafuta nyumba kwa jina la shule kwanza, halafu ndiyo wanahesabu vyumba. Ile ya Greenwood unalipia shule. Ile ya Russellville Road huenda inaangukia sekondari ya Warren Central, ambako watoto wa wageni ni wengi.

Lakini msikilize mtu aliyefundisha huko. Mwanao wa miaka 15 Kiingereza chake kikoje? Kaunti ina GEO International, sekondari ya vijana waliokuja juzi, iko eneo moja na Warren Central. Kijana akiwekwa penye walimu waliozoea watoto wa lugha tatu anainuka haraka. Akitupwa peke yake mahali ambapo kila mtu amezaliwa hapo, anaweza kukaa nyuma ya darasa mwaka mzima, mtiifu, kimya, na kadi ya ripoti inasema hana tatizo. Nimemwona kijana wa namna hiyo. Nilikuja kujua Machi kwamba alikuwa hajui kusoma saa ya ukutani, maana hakuna aliyemuuliza.

Piga simu kwenye ofisi zote mbili, wape anwani kamili yenye namba, waulize ni yao au si yao. Usiamini tangazo la nyumba kwa jina la shule.

#20 Mwana wa Uvira
Mwalimu, asante. Wa miaka 15 alizaliwa Nyarugusu, amekaa Maine miaka minne, Kiingereza kinamtoka vizuri kuliko changu. Huyu wa miaka 10 ndiye mkimya.

#21 Mwalimu wa Zamu
Basi mtazame huyo wa 10.

#22 Kadogo
Jambo bandugu. Miye niko hapa tangu 2016, nakaa karibu na ile Russellville Road. Ile usiku ya tonado tulikuwa batu saba ndani ya bafu. Nyumba haikuwa na besimenti, hapa mingi hazina sababu chini ni mawe. Batoto tuliweka ndani ya ile beseni ya kuogea, tukatia godoro juu yao, miye na mama yao tukashika godoro kwa mikono. Masikio ilijifunga kama ndani ya ndege. Kisha ikapita. Nyumba yetu ilibakia, ya mbele ilienda.

Sisemi usije upande huu. Nasema ukiingia nyumba, kabla ya kuhesabu vyumba ya kulala, tafuta chumba cha katikati hakina dirisha, na uone familia yako yote inaenea. Na ununue ile redio ya hali ya hewa. King'ora ya inje ni ya mutu yuko inje, ukilala huisikie.

#23 Kiboko ya Baridi
Pole sana Kadogo. Nimesoma mara mbili.

#24 Zamu ya Tatu
Pole kaka. Nami naongeza: kama kuna mtu anafikiria nyumba za trela kwa sababu ya bei, asome #22 tena.

#25 Dereva wa I-65
Turudi kwenye usafiri. Mke wake haendeshi. Basi la mji lipo, linaitwa GO bg, lakini njia ni chache na usiku halipo. Huyu mume anatoka kazini karibu saa sita usiku, gari ni moja, kuanzia saa nane mchana liko kiwandani. Upande wa Greenwood una maduka mengi kuliko kwingine lakini kila kitu kimejengwa kwa mwenye gari, Scottsville Road haivukiki kwa miguu ukiwa na mtoto. Kwa hiyo swali la kwanza ni mama atatoka vipi saa kumi jioni mtoto akipata homa. Nyumba ya 1,390 yenye Mama Furaha jirani ina thamani ambayo haimo kwenye tangazo.

Wanaokuja huwa wanapima umbali wa kazi ya baba tu. Nilifanya hivyo. Nilituweka Smiths Grove, kamji kazuri, dakika chache kwa I-65 mpaka kazini kwangu. Mke wangu alikaa miezi mitano bila kuongea na mtu mzima mwingine mchana. Tukahama.

#26 Mjukuu wa Pate
Hilo nalikubali kuliko hata la mapango yangu.

#27 Bibi Arusi wa Kigoma
Wapendwa, jamani, kuna ndagala huko? Namuulizia yeye lakini na mimi pia nafikiria kuhama.

#28 Mama Furaha
Ndagala zipo kwenye maduka ya Waafrika, sombe (majani ya muhogo) ya barafu ipo, unga wa muhogo upo. Mbuzi unanunua kwenye mnada wa mifugo au kwa mkulima. Na yale majani wanayoyaita collard ni sukuma wiki ile ile, watu wa huku Kusini wanayapika tangu enzi, yamejaa kila duka. Bamia pia. Mimi nilivyofika nilidhani nitakufa njaa, nikakuta wazee wa huku wanakula kama sisi, ila wanatia nyama ya nguruwe kwenye mboga. Ukialikwa uliza kwanza.

#29 Bibi Arusi wa Kigoma
Nimeshahama moyoni.

#30 Macho Mawili
Samahani nawakatisha. Mwana wa Uvira, huyo mwenye nyumba umemwona? Ana kwa ana, au mtu uliyemtuma amemwona mlangoni na funguo mkononi?

Mwaka juzi nililipa dipoziti ya dola 1,100 kwa nyumba nzuri yenye bei ya chini, nikiwa jimbo jingine. Picha zilikuwa za kweli. Nyumba ilikuwa ya kweli. Mtu ndiye hakuwa wa kweli, aliziiba picha kwenye tangazo la kuuza nyumba. Tulifika na lori saa mbili usiku tukakuta familia nyingine inakula. Wale watu walituonea huruma wakatupa maji.

Kabla ya tonado, kabla ya shule, ondoa hilo kwanza.

#31 Mwana wa Uvira
Sijamwona. Tumeongea kwa simu mara mbili. Anasema yuko Louisville na anakuja Jumamosi. Tulipishana hata saa, nilimpigia nikihesabu saa nne za Bowling Green, kumbe kwake ni saa tano.

#32 Karani wa Kodi
Hilo la saa ni kweli, Louisville wako saa moja mbele ya Bowling Green, usimhukumu kwa hilo. Jina la mwenye nyumba liko kwenye kumbukumbu za kodi ya majengo za kaunti. Linganisha na jina litakaloandikwa kwenye mkataba.

#33 Mama Furaha
Nipe anwani kwa ujumbe wa faragha. Jumamosi natoka kazini saa nane, nitapita na mume wangu.

#34 Kiboko ya Baridi
Ndiyo maana napenda jukwaa hili. Mama, ukifika piga picha ya lile bomba.

#35 Mkaazi wa Zamani
Niseme jambo ambalo mnalizunguka. Nimeishi mji ule miaka kumi na nne. Wabosnia walikuja miaka ya tisini, wakafuata watu wa Burma, wakafuata Wakongo. Wote walianzia nyumba za upande ule ule, kwa sababu ndiko wenye nyumba walikokubali mpangaji asiye na historia ya mkopo. Mtaa ukishajulikana kuwa ni wa wageni, kuna watu hawaendi hata kuutazama, na bei inabaki chini hata kama nyumba ni nzima. Wabosnia wengi walinunua nyumba hizo hizo kwa bei hiyo, wakazikarabati kwa mikono yao. Kwa hiyo kuna nafuu isiyo na kasoro yoyote ndani yake.

#36 Mwalimu wa Zamu
Hilo na la shule ni jambo moja lenye majina mawili, #35.

#37 Fundi wa Mabomba
Si jambo moja na hita za ukutani. Bado naulizia Januari.

#38 Zamu ya Tatu
Reli je? Treni za mizigo zinapita katikati ya mji na zinapiga honi kwenye kila kivuko. Mtu wa zamu ya pili analala saa nane usiku.

#39 Mama Furaha
Tumerudi sasa hivi. Mwenye nyumba ni mtu wa kweli, mama wa makamo, jina lake ndilo lililo kwenye karatasi ya kaunti, nimeliona kwa macho yangu. Nyumba ilikuwa ya baba yake. Nikamuuliza waziwazi kwa nini bei hii. Akasema anataka familia itakayokaa, hataki kutafuta mpangaji kila Agosti kama wale wanaopangisha wanafunzi wa chuo.

Nimeingiza mkono chini ya sinki mpaka nyuma. Pakavu. Ila kuna karatasi mpya ya plastiki imetandikwa, nikaiinua, chini yake mbao ina alama nyeusi ya duara, kubwa kama sinia. Ngumu lakini nyeusi. Amesema bomba lilivuja zamani likatengenezwa.

Hita ni ya umeme, moja mpya ukumbini, vyumbani za zamani. Bili ya Januari hakuikumbuka. Bafu la katikati halina dirisha. Mume wangu aliingia akasimama, mimi nikasimama, tukasema nyinyi watano mnaenea.

Bomba la uani: picha nimekutumia. Nilimuuliza, akasema lilikuwepo tangu yeye mtoto, walikuwa wanatupia mawe wanasikiliza yanavyodunda. Mume wangu akatupa jiwe kupitia wavu. Tulihesabu mpaka tatu.

#40 Fundi wa Mabomba
Basi si tanki la choo. Hicho ni kisima cha mvua au ni tundu la asili waliloliwekea bomba. Bima ya kawaida ya mpangaji inafidia vitu vyako kwa moto na wizi, maji yaliyotoka ardhini mara nyingi hayamo. Ya mafuriko inanunuliwa peke yake, na ile ya serikali kwa kawaida inasubiri siku 30 kabla ya kuanza. Ukichukua nyumba, anza hiyo kabla ya lori.

#41 Mjukuu wa Pate
Mpaka tatu ni mbali. Ningechukua ile ya Greenwood.

#42 Dereva wa I-65
Greenwood nako kuna visima hivyo, ni mwamba ule ule. Tofauti ni kwamba picha zao hazikuonyesha uani.

#43 Mwana wa Uvira
Mama Furaha, Mungu akubariki wewe na mume wako, sina la kulipa. Ofisi ya shule nimeshapiga: ni ya kaunti. Mke wangu anataka ile ya pili, anasema amechoka kukaa mahali anaposalimiana na theluji tu. Mimi bado hilo bomba linanisumbua, nimelala naliwaza. Nimemwomba yule mama atuwekee kwenye mkataba kwamba wavu utafungwa kwa nati na uzio mdogo utawekwa pale, na dola za bili ya Januari azitafute. Kasema atajibu Jumatano.

#44 Kadogo
Jumatano miye niko na repo, siendi kazi. Akikubali, miye nitakuja kuchimba hizo nguzo za uzio na wewe. Chini ni mawe, lete sululu.

#45 Bibi Arusi wa Kigoma
Na ile ya Greenwood kama huichukui, nitumie namba.